Kubadilisha stata ya gari nyumbani: mwongozo kamili kwa wenye magari Uganda

Ukigeuza ufunguo na injini isizunguke, mtu wa kwanza kupita hapo atakwambia stata imekufa. Huenda ni kweli. Lakini betri iliyochoka, waya wa ethi (unaounganisha upande hasi wa betri na mwili wa gari) ulioliwa na kutu, au relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) iliyoungua, vyote huleta dalili zilezile, na hakuna hata kimoja kinachokulazimu ulale chini ya gari. Kufungua stata yenyewe ni bolti mbili na nyaya mbili. Kazi iko kwenye kujua kama kweli inastahili kufunguliwa, kwa hiyo nitakaa sana hapo kabla hatujashika spana.

Ninaandika nikiyafikiria magari yetu ya familia ya kila siku: Toyota Wish, Premio, Ipsum, Spacio, Raum, Noah, yale yaliyoshushwa Mombasa yakitoka Japani na kupandishwa kupitia Malaba au Busia. Mwenye Nissan au Subaru atafuata hatua hizihizi, ila atafute stata yake mahali pengine kidogo. Mwenye haibridi kama Prius aache kabisa. Gari hilo halina stata ya namna hii. Injini yake huzungushwa na mota ya umeme wa volti nyingi, na nyaya zake za rangi ya chungwa si za kuguswa uani nyumbani.

Stata inavyofanya kazi

Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, iliyobebana na solenoidi, yaani swichi yake ya sumaku. Ukigeuza ufunguo, umeme mdogo hupita kwenye swichi ya ufunguo, kwenye swichi ya gia (ile inayozuia gari lisiwake likiwa D), kwenye relei, kisha huingia kwenye solenoidi kwa waya mwembamba. Kwenye stata za Denso, ambazo ndizo zimejaa kwenye Toyota, sehemu unapoingia waya huo huitwa 50. Solenoidi ikipata umeme huo inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inasukuma bendiksi (gia ndogo ya stata) mbele iume meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na inagusanisha vipande vya shaba vinavyofungulia umeme mkubwa wa kebo nene ya betri. Kebo hiyo imefungwa kwa nati kwenye bolti inayoitwa 30. Hapo ndipo zinapopita ampea 100 hadi 200 kwa gari dogo la petroli, na ndiyo maana uchafu kidogo tu kwenye njia hiyo unatosha kulikwamisha gari.

Shika namba hizo mbili, 30 na 50. Vipimo vyote vitarudi kwake.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Mwombe mtu ageuze ufunguo, wewe simama mbele ya gari. Kwanza hakikisheni gia iko P, au netro kama ni gari la gia za mkono na klachi imekanyagwa. Gari la kitufe linataka breki ikanyagwe. Ukikuta taa za breki haziwaki nyuma, tatizo linaweza kuwa swichi ya pedali tu.

Ukisikia tak-tak-tak-tak za haraka na taa za dashibodi zinafifia, hiyo ni betri au vichwa vyake. Solenoidi inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Usiende mbali.

Ukisikia "tak" moja nzito, kisha kimya, na taa zimebaki na nguvu zake, hapo stata inashukiwa kwa haki. Solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haupiti. Kwenye stata za Denso ugonjwa huu ni wa kawaida sana, na dawa yake mara nyingi ni ndogo kuliko kununua stata nzima, nitaieleza.

Kimya kabisa huku taa zote zinawaka vizuri kunamaanisha umeme mdogo haufiki kwenye 50, au umefika na solenoidi imekufa. Jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo yenye kesi. Angalia fyuzi, kisha badilishana relei ya stata na nyingine ya namba ileile kwenye boksi hilohilo la fyuzi. Michoro iko kwenye mfuniko wa boksi, ingawa kwa magari yetu mara nyingi imeandikwa Kijapani. Kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inatosha.

Mota ikilia kwa kasi lakini injini haizunguki, klachi ya bendiksi imekwisha. Na ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, acha kugeuza ufunguo mara moja, kwa sababu kila jaribio linakula meno ya flaiwili, na flaiwili haifikiwi mpaka giaboksi ishuke.

Kuna pia dalili ya uvivu: asubuhi gari linawaka vizuri, ukisimama kupiga mafuta ukiwa umetoka kwenye foleni ya Jinja Road mchana, stata inazunguka kwa kujivuta. Joto limeongeza ukinzani ndani ya stata ambayo brashi zake za kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) au bushi zake zimekwisha. Hiyo inakupa onyo. Bado una muda wa kujipanga.

Vipimo vinne kwa multimita

Multimita ya kawaida kutoka duka la vifaa vya umeme inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20.

Anza na betri. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, pima kwenye nguzo zenyewe za betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 usiendelee na vipimo vingine. Chaji betri kwanza, kwa sababu majibu yote yatakayofuata yatakudanganya. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia: ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu hata kama ilionyesha 12.6 ikiwa imetulia. Azima betri nzima ya jirani, funga kebo za kuchangia umeme, ujaribu tena. Gari likizunguka kwa nguvu, umeokoa pesa yako.

Cha pili ni njia ya umeme. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vimwagie maji ya moto yenye magadi, visugue kwa msasa mpaka risasi ing'ae, vikaze. Halafu weka waya mwekundu wa multimita kwenye nguzo chanya ya betri na mweusi kwenye bolti ya 30 ya stata, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kebo nene au viungio vyake vinakula umeme. Upande wa ethi, pima kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa stata. Isizidi volti 0.3 hivi. Kebo ya ethi inayotoka kwenye betri kwenda kwenye mwili wa gari na kwenye giaboksi hufungwa mahali panaporukiwa na matope. Kwa barabara zetu za murram hiyo ni sehemu ya kwanza kuoza, na karibu hakuna anayeiangalia.

Cha tatu: waya wa 50. Mwekundu kwenye 50, mweusi kwenye ethi safi, mtu apige stata. Ukipata volti 10 au zaidi na stata imekaa kimya au imetoa "tak" moja tu, wakati betri na kebo zimepita vipimo, sasa una ushahidi: stata ni mbovu. Usipopata kitu, stata haina kosa, rudi kwenye relei, swichi ya gia na swichi ya ufunguo. Ukipata volti 6 au 7, kuna kiungio kilichochoka njiani na solenoidi haipati nguvu ya kuvuta.

Cha nne hakihitaji multimita. Hakikisha injini yenyewe inazunguka. Weka soketi kwenye bolti kubwa ya puli ya chini ya injini, gia ikiwa netro, uizungushe kwa mkono kuelekea upande wa saa. Ikigoma kabisa, usiguse stata. Anayeishi Bwaise au amewahi kupita kwenye mafuriko ya Kampala mvua ikinyesha achukulie jambo hili kwa uzito, kwa sababu maji yakiingia kwenye silinda yanaizuia pistoni kupanda, na kuendelea kupiga stata kunaweza kupinda koni rodi, mkono unaoshika pistoni.

Kuna ujanja wa kugonga stata kwa mpini wa spana huku mtu akipiga ufunguo. Unafanya kazi kwa muda brashi zikiwa zimeisha, na unaweza kukufikisha nyumbani. Gonga kwa upole. Stata nyingi za kisasa zina sumaku za kudumu zilizobandikwa ndani ya mwili wake, na nyundo inazipasua. Hapo hata kilichokuwa kinatengenezeka hakitatengenezeka tena.

Vifaa

Racheti na soketi za 10, 12, 13 na 14, viongezeo viwili vya soketi, kirefu na kifupi, spana 10 ya betri, bisibisi bapa, mafuta ya kulegeza kutu, msasa, brashi ya waya, tochi ya kichwani. Soketi ziwe za pembe 6. Zile za pembe 12 zinateleza na kuviringisha kichwa cha bolti kilichokwisha kuchakaa. Kama stata yako inafikiwa kutoka chini, ongeza jeki na stendi mbili za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali yasitumike hata siku moja: hupasuka bila kutoa taarifa.

Kuitoa

Weka gari mahali tambarare na pagumu. Kama uani kwako ni udongo mtupu, tafuta jirani mwenye sakafu ya zege, hasa kipindi cha mvua. Vuta hendibreki, weka P, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, na ufunguo uutie mfukoni mwako. Injini ipoe. Eksosi iko karibu na mkono wako kuliko unavyofikiri.

Piga picha kila kitu kabla ya kufungua. Kila waya, kila klipu.

1. Fungua kebo hasi ya betri kwanza, ifunge kwa kitambaa na kuisogeza mbali isirudi yenyewe. Sababu ni hii: bolti ya 30 ina umeme wa betri moja kwa moja wakati wote, ufunguo ukiwepo au usiwepo, na haina fyuzi ya kukuokoa. Spana ikigusa 30 na mwili wa gari kwa pamoja, utaona cheche zinazoyeyusha chuma. Vua pete na saa ya chuma. Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri kabla ya kugusa chochote karibu na mfumo wa mifuko ya hewa. Subiri tu, haina gharama.

2. Itafute stata. Fuata kebo nene nyekundu au nyeusi kutoka nguzo chanya, inaishia hapo. Stata imekaa pale injini inapokutana na giaboksi. Kwenye baadhi ya injini iko mbele, chini ya manifoldi ya hewa, na unaifikia kutoka juu ukitoa boksi la kichujio cha hewa, na wakati mwingine betri pamoja na sinia yake. Kwenye nyingine imejificha nyuma au inafikiwa kwa chini baada ya kuondoa plastiki ya kuzuia matope. Usilazimishe kutoka juu kama mkono haupiti.

3. Ondoa nyaya. Waya wa 50 una plagi ya plastiki yenye ulimi. Bonyeza ulimi, vuta plagi, usivute waya. Plastiki iliyokaa na joto la injini miaka mingi inavunjika kama hukuwa mpole. Kwenye 30 kuna kofia ya mpira. Ivute nyuma, chini yake kuna nati ya 12 au 13. Ukiifungua, zuia bolti ya shaba isizunguke nayo. Bolti hiyo ikizunguka inavunja plastiki iliyoishika ndani ya solenoidi.

4. Bolti mbili za stata, mara nyingi za 14. Zipulizie mafuta ya kulegeza, nenda kanywe chai. Ya chini huwa rahisi. Ya juu inataka kiongezeo kirefu na subira, na kwa kuwa unaiona kwa nyuma au kwa kupapasa, simama kwanza ufikirie mkono uende upande gani: wengi huikaza badala ya kuifungua. Mwili wa giaboksi ni alumini. Bolti ikigoma, irudishe mbele kidogo, iachie, mafuta tena, polepole, usije ukang'oa nyuzi. Angalia pia kama moja ya bolti hizo imeshika kishikio cha waya au kebo ya ethi, na kama zina urefu tofauti.

5. Kabla ya bolti ya mwisho kutoka, shika stata kwa mkono mwingine. Ina kilo kadhaa na ikikuangukia usoni ukiwa chini itakuumiza. Itikise taratibu, ivute itoke kwenye tundu lake.

Sasa, kabla ya kufurahi, mulika tochi ndani ya tundu. Utaona meno ya flaiwili. Mtu azungushe puli ya injini kwa mkono, wewe hesabu mzunguko mzima kwa macho. Injini ya silinda 4 ikizimwa hupenda kusimama katika sehemu mbili zilezile zinazokabiliana, kwa hiyo meno yaliyolika huwa hapo, si mzunguko wote. Meno yaliyochongoka kidogo kwenye ncha ni ya kawaida. Yaliyovunjika au kuliwa mpaka nusu yataila stata mpya pia.

Usinunue bado: fungua nyuma ya solenoidi

Kama ugonjwa wako ulikuwa "tak" moja, na stata yako ni ile aina ya Denso ambayo solenoidi ni sehemu ya mwili wenyewe, yenye mfuniko wa duara nyuma ulioshikwa kwa bolti tatu ndogo, ufungue. Ndani kuna kipande cha duara cha shaba kwenye mhimili, na pembeni vipande viwili vya shaba vinavyoguswa nacho. Kipya kina uso bapa. Kilichozeeka kimeliwa na cheche upande mmoja mpaka kimebaki kama mwezi mchanga, cheusi, kimejaa vijishimo. Mhimili unavutwa, unagota, lakini shaba haigusani sawasawa, na ndiyo ile "tak" uliyoisikia.

Vipande hivyo huuzwa peke yake, pamoja na mhimili wake, kwa bei iliyo mbali sana na ya stata. Badilisha vyote kwa pamoja. Panga nati na washa za plastiki kwa mpangilio uleule uliozikuta, kwa sababu hizo ndizo zinazoitenga shaba na mwili wa stata. Angalia na brashi za kaboni: zikiwa fupi sana au zimeacha kugusa vizuri, peleka stata kwa fundi wa umeme wa magari aweke mpya. Katwe na Ndeeba hawa wapo wengi, na kwa maoni yangu stata ya asili iliyowekewa shaba na brashi mpya ni bora kuliko mpya ya bei rahisi isiyojulikana imetengenezwa wapi.

Kununua: Kisekka bila kuumizwa

Ikibidi kununua, nenda Kisekka, soko la spea la Kampala, na ile ya zamani kwenye mfuko. Usiende na jina la gari peke yake. Wish moja inaweza kuwa na injini ya 1.8, nyingine 2.0, na stata zake zisiingiliane. Chukua picha ya kibati cha gari kilicho chini ya boneti. Kinaonyesha namba ya fremu na alama ya injini. ZNE10 kwa mfano ni Wish ya 1.8 yenye injini ya 1ZZ-FE. Ipsum ya 2.4 itakuwa ACM21 au ACM26. Muuzaji anayejua kazi ataanzia hapo.

Ukipewa stata, iweke sambamba na yako juu ya meza. Hesabu meno ya bendiksi moja baada ya jingine. Yakizidi au kupungua hata moja, irudishe. Pima umbali kati ya matundu ya bolti. Angalia bendiksi iko ndani kiasi gani kutoka kwenye uso unaokaa kwenye giaboksi, bolti ya 30 imeelekea upande gani, na plagi ya 50 ina umbo lilelile. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka tena linataka stata yake maalumu iliyoimarishwa; ya kawaida haitadumu.

Mtumba kutoka Japani au mpya? Mtumba wa Denso ulio safi, usio na dalili ya kufunguliwa, ninauchukua mbele ya mpya isiyo na jina. Angalia bolti ndefu za nyuma: zikiwa na michubuko ya spana, mtu ameshaingia ndani. Angalia rangi mpya ya fedha iliyopigwa juu ya uchafu. Chovya kidole mdomoni mwa bendiksi. Mafuta mengi ya injini humo si dalili nzuri, na tope jekundu lililokauka linakwambia gari lake lilipita wapi.

Kisha: "Bosi, nifungie betri niione." Mwuzaji wa haki hakatai. Jaribio lenyewe ni hivi: stata ishikwe kwa nguvu chini ya mguu au kwenye jiliwa, kwa sababu inaruka inapoanza. Kebo hasi kwenye mwili wake, chanya kwenye 30, kisha waya mfupi kutoka 30 uguse 50. Bendiksi iruke nje kwa mpigo mmoja, izunguke kwa sauti laini isiyopandapanda, na ukiachia irudi ndani mara moja. Sekunde 3 mpaka 5, basi. Ikichelewa kurudi, iache. Jaribu mara kadhaa mfululizo, kwa sababu shaba mbovu hukubali mara ya kwanza na kukataa ya tatu.

Uliye Arua, Gulu au Tororo na unaagiza kwa simu, mwombe muuzaji akutumie video ya jaribio hilo, namba iliyogongwa kwenye mwili wa stata ionekane kwenye video ileile, kabla hujatuma pesa kwa simu. Ikishapanda basi, mazungumzo yanabadilika. Dhamana muulize mapema na iandikwe nyuma ya risiti kwa siku, kwa maana "ikikusumbua rudi" si dhamana.

Kuirudisha

Safisha kwa brashi ya waya uso wa giaboksi stata inapokaa, na uso wa stata yenyewe. Stata haina waya wa ethi; inapata ethi yake kupitia chuma hicho na bolti zake. Ukikuta rangi, ikwangue hapo tu.

Iingize tundu lake mpaka ikae bapa kabisa. Bolti zianze kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya racheti kugusa. Ikiwa bolti inataka nguvu mwanzoni, imeingia upande. Itoe uanze upya. Usizitumie bolti kuivuta stata iliyokaa upande, utavunja sikio lake. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota mkazo wa bolti hizi ni karibu Nm 37. Asiye na spana ya kupimia mkazo akaze kwa racheti ya kawaida mpaka igome, aongeze kidogo, aache hapo.

Rudisha waya wa 30. Jicho la kebo liwe limesuguliwa likang'aa, na likae mbali na chuma chochote cha pembeni. Nati yake inataka mkazo mdogo sana, karibu Nm 10 tu. Hapa ndipo vijana wa gereji huharibu stata mpya: wanakaza kama wanafunga gurudumu, bolti ya shaba inakatika au plastiki inapasuka ndani. Vuta kofia ya mpira irudi mahali pake. Sukuma plagi ya 50 mpaka isikike ikijifunga.

Rudisha boksi la hewa na mabomba yake yote. Bomba dogo la hewa lililosahaulika litaifanya injini itetemeke, nawe uanze kulaumu stata. Hesabu vifaa vyako. Soketi iliyobaki juu ya giaboksi huanguka barabarani au, vibaya zaidi, kwenye mkanda. Kama ulitoa kebo zote mbili za betri, funga chanya kwanza, hasi mwisho. Cheche ndogo ukigusisha hasi ni ya kawaida. Cheche kubwa inamaanisha kuna kitu kimegusana, toa mara moja.

Kuwasha mara ya kwanza

Kwanza lishushe gari kutoka kwenye stendi. Gia P, breki imekanyagwa, geuza ufunguo. Injini ishike mara moja na stata inyamaze mara moja. Isiposhika ndani ya sekunde 10, achia, pumzika nusu dakika au zaidi, jaribu tena. Stata haikutengenezwa kuzunguka mfululizo, na kuchoma mpya siku ya kwanza ni jambo linalotokea. Ukisikia mkwaruzo au mlio unaoendelea injini ikiwa imeshawaka, zima na toa kebo hasi. Bendiksi imekwama mbele au stata haikukaa bapa.

Injini inaweza kuunguruma bila utulivu dakika chache, kwa kuwa kompyuta imesahau mipangilio yake. Redio na saa vitataka kupangwa upya, na dirisha la dereva linalopanda lenyewe huenda likahitaji kufundishwa tena.

Injini ikiwa inaunguruma, pima volti kwenye betri: kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa ni 12 na inashuka, oltaneta haichaji, na hapo unajua kwa nini ile betri ilikuwa imelegea tangu mwanzo.

Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa likawaka wakati unasubiri spea. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wakija vijana wote wa stendi ya boda.

Stata ya zamani usimwachie muuzaji bure. Wengine hupunguza bei wakiichukua kama ganda la kutengeneza, na kama meno na mota yake ni nzima, fundi atakuwekea shaba mpya uwe na ya akiba. Baada ya wiki moja ya kuendesha, kebo hasi ya betri ikiwa imetolewa, kagua tena nati ya 30 na zile bolti mbili kwa mkono.